Shuka Chini ya Kikwembe

Mke wangu alikuwa mwembamba. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nililitamka neno hilo kana kwamba ni kosa alilonitendea.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Lubumbashi, enzi za Zaire, shaba ilipokuwa bado inalisha mji. Kila mwezi kampuni ilitugawia posho: unga, maharagwe, mafuta, samaki wakavu. Kila mtu kambini alijua jirani yake amepata nini. Kwa hiyo mwili wa mke ulikuwa ushahidi. Akinenepa, mume wake ni mtu. Akiwa mwembamba, basi mume anauza unga katika soko la mtaa wa Kenya, au anaupeleka kwa mwanamke mwingine. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kula akashiba na bado akabaki alivyozaliwa.

Naye alikula. Kwa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, alinishinda mimi niliyeshinda kiwandani. Baba yake alikuwa vile vile, mrefu na mkavu, na alifanya kazi ya reli mpaka uzeeni bila kuugua. Nilijua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: nilijua.

"Sitwayen, muke yako iko mugonjwa?" mwenzangu mmoja wa karakana aliniuliza; sitwayen, yaani raia, ndivyo tulivyoamriwa kuitana enzi zile.

"Hapana."

"Basi ile unga, nani anaikulaka?"

Wakacheka, nami nikainamia kazi yangu. Kisha dada yangu mkubwa akaja kwa treni kutoka kaskazini. Alimshika mke wangu kifundo cha mkono kwa vidole viwili, mbele ya wageni, akanigeukia: "Ndugu yangu, muke iko wapi? Miye naona nguo tu." Mke wangu alitabasamu, akaenda kumwandalia maji ya kuoga. Dada alipoondoka ndipo nilipopata sauti, na niliyemgombeza ni mke wangu. Nilimwambia ananiaibisha.

Mwaka huo kapita wetu, msimamizi wa kikosi chetu, alioza binti yake, akatualika sote na wake zetu. Mchana ule nilivaa abakosti yangu mpya, ile suti isiyo na tai tuliyoivaa enzi zile. Halafu nikatoa shuka la kitanda, nikalikunja mara tatu, nikamwambia alizungushe kiunoni chini ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, apate kiuno kama wanawake wengine.

"Papa, kuko joto."

"Ni masaa mbili tu."

"Na kama inaachia?"

"Nitaifunga miye mwenyewe."

Nililifunga kwa kamba, kwa fundo lile tulilofungia mizigo kazini. Nilijivunia mafundo yangu. Yeye alisimama mikono juu, akitazama ukuta, kama mtoto anayepimwa nguo asiyoitaka.

Lazima niseme kwamba alipenda kucheza. Nilimwona mara ya kwanza akicheza kwenye arusi ya watu wengine. Wanawake walikuwa wamempisha katikati, na mimi nilisahau chupa yangu mkononi. Hakuna aliyeuliza siku ile ana kilo ngapi, hata mimi.

Basi kwa kapita, wanawake walipopanga mstari kumchezea mama wa bibi arusi, mke wangu aliingia. Mwanzo alijizuia. Wimbo wa tatu ulipoanza alisahau alichovaa ndani. Niliona mabega yake yakilegea, uso wake ukirudi ule wa zamani. Ndipo shuka likateremka, likamwangukia miguuni, jeupe, na kamba yangu juu yake.

"Mama," mwanamke mmoja akasema taratibu, "mwili yako imeanguka."

Kicheko kilijaa ua mzima. Kisha wakanitazama mimi. Yeye pia alinitazama. Ilikuwa ni hatua sita au saba tu kutoka kiti changu mpaka pale.

Nikasema, "Mumuache. Posho ninamupa, yeye anaikulisha shuka."

Wakacheka mpaka kapita akanipiga begani. Sijawahi kusema mzaha mwingine uliopokewa vizuri hivyo.

Aliinama, akaokota shuka, akalikunja pembe kwa pembe kama anapoliondoa kwenye kamba ya kuanikia, akaliweka kwapani, akaenda nyumbani. Mimi nilibaki mpaka bia ikaisha. Hilo nalo liandikwe.

Tangu wiki ile alianza kula jikoni, peke yake. Akimaliza alikuja nilipokaa na kunionyesha sahani tupu. "Ona, nimekula." Alisema bila hasira. Nilidhani ataacha baada ya siku chache. Hakuacha, na hakucheza tena popote.

Watoto walikua. Siku ya arusi ya binti yetu wa kwanza, mstari wa wanawake ulikuja kumchezea yeye sasa, mama wa bibi arusi, na desturi ni mama ainuke. Alibaki kwenye kiti. Wakamvuta mikono, akakataa. Niliinama sikioni mwake.

"Mama, simama. Mutoto anakuangalia."

Hakunigeukia. "Siku ile shuka ilianguka, nilikungojea," alisema. "Nilisema, sasa anakuja kuiokota."

Nilikuwa na majibu: ujana, maneno ya watu, kapita. Yote niliyapanga miaka mingi. Lililotoka ni hili: "Ni ya zamani ile."

"Ndiyo," akasema. "Ya zamani." Akampigia mtoto makofi, ameketi.

Tuliporudi nyumbani, bado na nguo za arusi, aliingia jikoni. Baadaye akaja na sahani, akaiinamisha kidogo niione vizuri.

"Ona, nimekula."

Niliishika ukingoni, naye hakuiachia mara moja. Neno la kuomba msamaha lilikuwa pale pale, fupi, tayari mdomoni. Nikasema, "Muzuri, mama," kama mwalimu anayesahihisha daftari, naye akarudi jikoni kuiosha.