Kitanda cha Kwenda Verandani

Juzi nesi alimwambia mjukuu wangu, aliyekuwa ametoka kupasuliwa, ainue kichwa kwenye mto. Alipoweza, nesi akatuambia dawa ya kulegeza misuli imemwisha mwilini.

Mimi nilipopasuliwa Thika nikiwa mtoto, sikuambiwa niinue chochote. Nilizinduka nikanusa spiriti, na moshi kwenye leso ya mama. Nilisikia kila kitu, lakini kope hazikufunguka, wala kidole hakikusonga. Kisha nesi, mgeni kutoka upande wa Kisumu, akasema, "Mpelekeni nje verandani, apate hewa."

Cucu, mamake mama, alikuwa ametusimulia kwamba zamani kwetu mgonjwa asiye na matumaini alitolewa nje, asifie nyumbani, akaachiwa fisi. Nikajua zamu yangu imefika, na sauti sina. Kitanda kikasukumwa, kikakwama.

"Mama, achilia kitanda," nesi akasema.

"Nje hapana," mama akasema. "Huyu bado ako hai."

"Kwani nani amesema amekufa?" nesi akauliza, akishangaa kweli.

Mama hakuachilia. Hadithi za Cucu alizisikia kabla yangu.