Freni ya Tingatinga Siku ya Iddi

Simu ya Mudathiru hailii kwa salamu. Yeye ni fundi wa mashine nzito hapa Gisenyi, na watu humkumbuka kitu kikishaharibika. Tangu mkewe afariki, nyumba yake ni kimya: ukiangusha kijiko utadhani umevunja kabati.

Iddi hii, binti yake Nadra, aliyeolewa Goma, alivuka mpaka na watoto. Mwaka mzima hawakuwa wameonana. Mpaka ungefungwa alasiri, kwa hiyo kila dakika ilikuwa mali. Hata chai haijamiminwa, simu ikalia: tingatinga linateleza mlimani Nyamyumba.

"Nenda, Baba," Nadra alisema. "Lakini rudi. Tunakungoja."

Alipofika, Narcisse, dereva wa tingatinga, alikuwa amesimama mbali nalo kama mtu aliyegombana na ng'ombe.

"Papa, freni ya mukono iko inakataa. Navuta, machine inashuka tu!"

Chini ya mteremko kulikuwa na mabati ya nyumba za watu. Mudathiru aliamuru ndoo ya mbele ishushwe hadi chini na mawe yawekwe nyuma ya magurudumu, ndipo akavua kanzu. Kebo ilikuwa imekazika vizuri. Springi nzima. Akapeleka mkono kwenye sahani ya freni, ukatoka unang'aa.

"Nani alipaka mafuta huku?"

"Si tuliambiwa wageni wa mradi wanakuja? Tuliosha machine, donc tukaipaka yote oili chafu, ing'are muzuri."

"Na freni nayo mukaipamba! Mulikuwa munaoza bibi-arusi?"

Narcisse alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Bon, tupanguse na esansi, Papa. We uende kwa Iddi yako."

Mudathiru aliinama tena kwenye freni. Kupangusa kwa petroli ni kazi ya kufumba na kufumbua, na angeondoka akisifiwa. Lakini zile ferodo, vipande vinavyobana sahani, zilikuwa zimekunywa mafuta. Kwa nje zingekauka. Zikipata moto zingetoa jasho, na tingatinga lingeenda kupiga hodi kwenye yale mabati.

"Tuma moto mjini. Ferodo mpya."

Pikipiki ikaenda. Narcisse na wenzake wakaenda kula. Hakuna aliyesema, Papa, karibu. Si ubaya, walimzoea kama spana, ukimaliza nayo unaiweka kando. Akaketi kwenye jiwe, anaangalia ziwa.

Nadra akapiga. "Baba, watoto wamevaa viatu."

"Wavue kidogo."

"Mpaka, Baba."

"Najua, mama. Nendeni."

Ferodo zilipofika, alisafisha sahani, akazifunga, akakaza kebo. Mawe yakaondolewa, ndoo ikainuliwa. Akakaa yeye mwenyewe kwenye usukani, akavuta freni, akaingiza gia, akakanyaga mafuta. Tingatinga lilitetemeka, likanguruma, likabaki palepale.

"Aaah, Papa, we ni mutu!" Narcisse alipiga makofi. "Kimbia sasa, Iddi haijaisha!"

Mudathiru alimpigia Nadra. Nambari haipatikani, tayari alikuwa upande wa pili wa mpaka, kwenye laini nyingine.

Akaomba maji na sabuni ya unga, akanawa mikono kidole kwa kidole. Narcisse akamuuliza mbona anachelewa.

"Nachelewa wapi?"