Upinde ya Magurudumu Niliyomununulia Shemeji Banza

Miye sikuwa muntu wa kushangazwa. Niliuza makala ya kupikia hapa Lubumbashi tangu sina ndevu, nikisukuma kinga, baiskeli yenye mifuko ine nyuma na tairi bila upepo, nikalala njaa, nikanunua lori, kamio ya kwanza, kisha ya pili, masomo yangu iliisha mwaka wa tatu ya shule primere, na bale balimaliza njo banakuja kuniomba kazi ya kupakiza. Kwa hiyo nilikuwa ninabaambia bantu wazi: kintu ya kunishangaza haiyazaliwa bado. Ilizaliwa Siku ya Mungu moja, asubuhi, mbele ya bantu bengi, na ninaandika hii na haya ingali kwenye uso (na kovu pia, chini ya jicho la kuume, musiniulize tena ilitoka wapi).

Shemeji yangu Banza, mudogo wa bibi yangu, anatumika kwenye mugodi ya Kipushi, anachunga pampu ya maji kule chini ya udongo. Ni muntu mufupi, hasemake mingi, baba wa batoto bane. Mukubwa wake wa kazi, ingeniere mumoja mubelji, alipenda sana kupiga mishale, si ya kuwinda, ya kulenga tu: karatasi yenye duara za rangi, metre makumi tatu, unapiga, unahesabu. Alimufundisha Banza, na Banza akamupita.

Sasa bale bapigaji, kiwanja yao iko upande wa Luano, balikuwa banatuma bantu bane kuvuka mupaka kushindana na ba Zambia. Nafasi moja ilibakia, na majina ingesomwa ile Siku ya Mungu. Sharti ilikuwa kila muntu na upinde yake mwenyewe, juu banaipima kwa mikono ya mwenyewe, sawa vile fundi anapima suruali. Banza alikuwa anaazima ya ingeniere, na kontra ya kazi ya ingeniere ilikuwa inaisha, anarudi kwao, anauzisha bintu yote. Basi Banza akakuja kwangu, akaikala kwenye ncha ya kiti.

"Shemeji, kuko upinde mbili pale. Ninaomba ile ndogo. Nitakurudishia kidogo kidogo."

"Kurudisha nini? Weye ni wa kwetu. Enda ulale."

"Ile ndogo, shemeji."

"Nilisikia."

Siku ya posho, siku moja mbele ya ile Siku ya Mungu, nikavaa koti yangu ya abakosti ya kijani, nikaenda kwa ingeniere. Upinde zilikuwa kwenye meza. Musifikirie upinde ya bababu, muti na kamba: hii ilikuwa na chuma katikati, kigurudumu kwenye kila ncha, na kamba inapita, inarudi, inapita tena. Ile ndogo ilikuwa fupi, kuvuta kwake kilo kumi na nane. Ile kubwa, kilo makumi mbili na saba, nyeusi, inangaa sawa motokari ya mukubwa wa mukoa.

Ingeniere akaniuliza, na Swahili yake ya kazini: "Ni ya nani? Ninapashwa kupima mikono yake."

Hapa njo ningesema Banza, jina moja tu, mambo yote ingeisha. Lakini bantu bengine balikuwa pale banachagua sahani na frigo, bananiangalia, na miye mwenye kamio mbili niseme nimekuja kununua kintu ndogo ya muntu mwengine? Nikasema: "Ni ya miye. Na ninataka ile ya banaume."

Akanipima mikono (niko murefu, hiyo Mungu alinipa bila kusoma), akafungua akafunga vis, bile bisumari ya kuzungusha, akasema mambo mingi: upinde hauchaguliwe kwa macho, unachaguliwa kwa mifupa, na upinde inayokushinda inakufundisha kupiga mubaya. Nikaitika sawa vile ninaitikaka kwenye misa, nikiwaza mambo ingine.

Kesho yake, kisha misa, tukafika kiwanjani, miye, bibi yangu na Banza. Bakubwa ba kazi na bamadame bao balikuwa kwenye kivuli, meza ya chakula tayari. Nikatoa upinde. Banza akaishika, akavuta. Kamba ikafika nusu, mabega ikaanza kutetemeka. Akaniangalia bila hasira.

"Shemeji, hii iko ya mikono yako."

"Utaizoea. Hata kamio yangu ya kwanza ilikuwa inanishinda."

Bantu bakacheka kidogo. Ingeniere akakuja mbio, akaelewa palepale. Akasema njia ingali iko: atalegeza vis, atahamisha kamba kwenye bigurudumu, nusu saa tu, haitakuwa muzuri kabisa lakini Banza atapiga. Akanyoosha mukono. "Lete."

Ningeleta. Lakini kwetu, kaskazini, baba yangu hakukuwa anamupa muntu upinde kimya. Alivuta kwanza kamba bure, bila mushale, mara tatu, iimbe, ndipo anaitoa. Na bantu balikuwa bamekwisha kunicheka, nilitaka baone muntu aliyeinunua ni nani.

"Hapana bila mushale, papa," ingeniere akasema. "Hapana."

"Anaogopa nitaimaliza nguvu," nikamuambia bibi yangu.

"Umupe, baba Kyungu," bibi akasema chini chini. "Mwenye kuijua anakatala."

"Mwenye kuilipa ni miye."

Nikavuta. Ikakatala. Nikavuta na kifua yote, abakosti ikapasuka chini ya kwapa, na mara uzito ikapotea (njo kazi ya bile bigurudumu, mwishoni inakubebea muzigo, lakini miye nilijua wapi), nikafikiri upinde imenitambua. Nikageukia bantu, nikabaonyesha meno. Nikaachilia.

Haikuimba. Ililia sawa bunduki, juu bila mushale ile nguvu haina fasi ya kwenda, inarudi ndani ya upinde yenyewe. Upande wa juu ikapasuka bipande, kamba ikanichana shavu, kigurudumu moja ikaruka mpaka ndani ya bakuli ya mayoneze ya madame mumoja, na miye nikaanguka makalio chini, miguu juu, kwapa wazi. Kisha muntu mumoja akacheka, na bote bakamufuata, hata bapishi.

Banza hakucheka. Akaokota bipande moja moja, akaenda kuomba ile ya mayoneze, akaipangusa na leso yake ya misa, akaweka yote ndani ya mufuko. Kisha akamuuliza ingeniere juu ya upinde ndogo.

"Niliuza jana. Saa moja kisha huyu papa kutoka."

Saa sita bakasoma majina. Ya ine ilikuwa ya karani mumoja, muntu ambaye Banza alikuwa anamushinda kila juma.

Ndani ya kamio, shavu imefungwa na kitambaa ya bibi, nikasema nitamutafutia ingine, hata Ulaya. Banza alikuwa anaangalia barabara. "Aksanti, papa," akasema. Papa. Tangu nilioa dada yake aliniita shemeji. Ile siku akaniita sawa vile bananiita bapakizaji bangu, kwa heshima yote, na vile njo ananiita mpaka leo. Ingeniere akapanda ndege. Upinde ingine haikuonekana tena hapa mujini, nilitafuta, na Banza iko na pampu zake.

Sasa muntu akiniambia ndogo, ninanunua ndogo, hata bantu bacheke. Bananiulizaka ilinikula ngapi. Ile safari ya Banza sikuweza kuiwekea bei, hiyo niliiacha inje ya hesabu. Lakini upinde, nyuzi sita za daktari, fundi wa abakosti na bakuli ya madame, zote pamoja, ilikuwa zaire elfu ine, mia sita makumi nane na tano.