Mna Mtu Nje

Tangu dada yangu aende Muscat kufanya kazi za ndani, pale Kiwalani sie hatukuhesabiwa tena maskini. Hakuna kilichobadilika, jamani. Chumba na sebule ni vilevile, bati ni lilelile linalovuja juu ya kitanda cha mama, na choo tunachangia na wapangaji wenzetu. Ila tulipata cheo. Tulikuwa watu wenye mtu nje.

Neno hilo, "mna mtu nje", lilitutafuna. Mwenye nyumba alipandisha kodi mwezi uleule dada alipopanda ndege, na mama alipolalamika akaambiwa kwa upole kabisa kwamba nyie si mna mtu nje. Mjumbe alipopita kuandika kaya za kusaidiwa, jina la mama, mjane anayeuza vitumbua, lilirukwa. Mwenye genge akaacha kutuwekea nyongeza kwenye nyanya. Kadi za michango ya harusi zikaanza kuingia, mpaka za watu tusiowajua. Hela ya dada ilikuwa ndogo, mshahara wa mtu anayelala jikoni, lakini ilivyokuwa inaombwa ungedhani kachimba kisima cha mafuta. Kabla hajaenda tulikuwa tunalala tumeshiba mara nyingi zaidi.

Na mama, Mungu anisamehe, alikipenda kile cheo. Vitumbua aliviacha mapema tu, akasema moshi unamuumiza macho. Macho gani, wakati uzi kwenye sindano alikuwa anatunga mwenyewe bila miwani? Kila sherehe mtaani ina sare yake, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulipia kitambaa. Uwanja wa ndege kwetu ni pua na mdomo, basi ndege ikipita juu ya bati wenzake wanamtania kwamba mwanao huyo anashuka, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Mie nilikuwa naona aibu. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nilikuwa na akili zangu timamu.

Dada hakuwa na uhuru wa kupiga simu. Bosi wake alikuwa anamnyang'anya simu, anamrudishia kwa saa moja siku ya Ijumaa, na ndani ya saa hiyo hataki kusikia kelele. Kwa hiyo dada alikuwa anaandika meseji. Mama kusoma hajui. Dada anaandika, mie namsomea mama. Mama anasema, mie naandika. Mwisho nilikuwaga naweka maneno aliyoyapenda mama kuliko yote: "Na ya kutolea usisahau," yaani dada aongeze na kile atakachokatwa mama kwa wakala. Hata salamu za Idi zilikwenda na ya kutolea.

Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokaribia kwisha, Ijumaa moja nimekaa barazani, mama yuko ndani anapiga dera lake pasi, meseji ikaingia. Naikumbuka neno kwa neno. "Mwambie mama mgongo umekwisha, siwezi hata kuinama. Muulize kama nirudi. Akisema nirudi, narudi hivi hivi mikono mitupu."

Nilikuwa chuo cha ualimu, nimebakiza mwaka mmoja. Ada ilikuwa inatoka kwake.

Mama akauliza kutoka ndani dada anasemaje. Nikamwambia anasalimia, na kwamba anaongeza mkataba, kaamua mwenyewe. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema mtoto wake ana moyo. Nami nikaandika kwa kidole hikihiki: "Mama anasema vumilia mwanangu, mwaka mmoja tu." Siku hiyo sikuandika habari za kutolea. Eti niliona huo ndio utu.

Dada alijibu "sawa", basi. Sikujua kwamba kule mkataba hauongezwi kwa mwaka. Ni miwili mingine, au urudi kwenu. Akakaa miwili.

Alirudi bila kumwambia mtu. Ilikuwa Jumamosi mchana, turubai limefungwa uani kwetu, wanawake wamejaa, anafundwa binti wa jirani. Sote tulivaa sare ya zambarau, na mie nimo. Bodaboda ikasimama, akashuka mwanamke kajishika kiuno, ana begi moja. Nilidhani ni shangazi wa bibi harusi. Walipomtambua zikapigwa vigelegele, mama akamkimbilia, akamkumbatia. Nilikuwa karibu nao, nikamsikia anamwuliza polepole, "Sasa umerudi, nje tuna nani?"

Dada akajitoa mikononi mwake. "Mama, nilikuuliza kama nirudi. Ukasema nivumilie."

"Uliniuliza lini? Mie niliambiwa unaongeza mwenyewe."

Wakageuka wote wawili wakaniangalia. Nilitamani dada anitukane. Nilitamani anizabe kofi mbele ya watu wote wale, ningeshukuru. Yeye akajishusha taratibu kwenye mkeka, mkono mmoja ukutani, akafungua begi na kuanza kutoa zawadi. Yangu ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa saa ya mkononi, akasema ni ya kuvaa darasani, nisichelewe vipindi.

Leo nafundisha shule moja Tabata, na mshahara wangu ndio unaolipia vyumba vilevile. Bati bado linavuja. Mama hajawahi kuniuliza kwa nini, na sherehe haendi tena. Dada ndiye anayeuza vitumbua siku hizi. Fundi kamtengenezea kiti kirefu, na jiko mwenyewe amelipandisha juu ya matofali, kwa sababu kuinama hawezi. Watu bado wanaleta kadi za michango. Wanasema mtu aliyekaa nje miaka minne hawezi kukosa akiba.

Asubuhi nikitoka namwamkia shikamoo, anaitika marahaba vizuri tu, ananifungia vitumbua viwili kwenye karatasi na hela hataki. Zamani alikuwa ananiita mdogo wangu. Sasa hivi, mbele ya wateja na hata tukiwa wawili tu ndani, ananiita mwalimu.