Opereta Kalunde na Maswali ya Presha

Kalunde alikuwa opereta wa simu kwenye posta yetu ndogo huko Kilungu kwa miaka kumi na tisa, na sijui simu hata moja aliyoacha kuisikiliza. Ukiomba laini uongee na mkeo, ujue mko watatu. Mimi alinikosanisha na shemeji zangu, na sijasahau. Msimamizi alikuwa amemwonya mara mbili: akiingilia tena mazungumzo ya watu, kazi hana.

Mwaka wa 1991 simu ikaingia kutoka Nairobi. Daktari mmoja msichana alikuwa akiwapigia wenye simu, awaulize mambo yanayoleta presha na sukari. Akaomba namba kumi na nne, duka la Mwangangi, ndugu mdogo wa Kalunde. Mwezi uliotangulia presha ilimwangusha Mwangangi mlangoni pa duka, na hospitali ikamkataza chumvi na ugoro. Tangu siku hiyo Kalunde aliishi na hofu ya kumzika. Akaunganisha laini, akabana chombo sikioni.

"Mzee, kwa siku unatembea kiasi gani?"

"Hapa ni milima, daktari. Hata kwenda choo ni kupanda."

"Chumvi unaongeza kwa chakula mezani?"

"Siku hizi hata siijui."

Kalunde akauma midomo. Jumapili iliyopita tu alimwona akinyunyizia chumvi muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kama mtu anayepanda mtama.

"Na tumbaku? Sigara, ugoro?"

"Daktari, mimi niliokoka."

Uvumilivu ukamwisha Kalunde. "Wee Mwangangi! Daktari, usiandike hiyo! Huyo ananusa ugoro kabla jogoo hajawika! Na chumvi anakula kushinda ng'ombe!"

"Samahani, huyo ni nani?" daktari akauliza.

"Ni opereta," Mwangangi akajibu kwa unyonge. "Ni dada yangu."

Daktari akacheka. "Sawa, Mama. Na kwa vile uko hapo, wewe unatumia tumbaku?"

Kalunde akaangalia kikopo chake cha ugoro chini ya meza. "Mimi? Mimi niko kazini."

"Andika ndiyo," Mwangangi akasema. "Tena andika huo ugoro wangu ni yeye ananisagia. Kila Jumatano ananipitishia kwa dirisha."

Kalunde akachomoa waya. Alikaa pale akiona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Alimsemea ndugu yake mbele ya Nairobi nzima, na mkono uliomlisha sumu ni wake. Akatoka nyuma ya posta, akatupa kikopo chooni.

Msimamizi hakusikia lolote, ila sisi wateja tuliteseka. Bila ugoro yule mama alikuwa mkali hata ukiomba stempu.

Jumatano Mwangangi akaja dirishani, akanyoosha kiganja kama kawaida. Kalunde akamwekea karanga. Wakatafuna pamoja, mmoja ndani na mmoja nje, wote wamenuna, na hazikuwa na chumvi.