Lori Lililopashwa Moto

Asubuhi za baridi, harufu ya dizeli inapopanda kutoka maghala ya mtaa wa Nechells, nalikumbuka lori la baba. Liligonga kila lilipowashwa, kama nyundo ndani ya sufuria, kisha likapata moto na kunyamaza. Ikiwa kugonga huko kulimaanisha beringi za injini zimekwisha, lori nalo lilikuwa limekwisha, na baba hakuwa na kazi nyingine.

Fundi, Mkongo aliyeishi mtaa wa Bordesley Green, aliahidi kuja alfajiri kulisikiliza. Alipofika, injini ilinguruma kwa utulivu. Baba alikuwa ameiwasha mapema ili chumba cha dereva kipate joto.

"Papa, umemponya mgonjwa kabla daktari hajafika!" fundi alicheka; kwao mzee huitwa Papa.

"Ningekukalishaje kwenye baridi, ndugu yangu? Wewe ni mgeni."

Basi tukasubiri chuma kipoe. Fundi alikunywa chai hadi alasiri. Baba alikishika kikombe chake bila kukinywea.

Lilipowashwa tena, liligonga. Fundi akalegeza mabomba ya nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, moja baada ya jingine, na kwenye la tatu mlio wa kugonga ukakoma.

"Ni nozeli tu, Papa. Beringi ni nzima."

Baba alimwomba fundi alikaze bomba lile, kisha alilegeze tena, ili ausikie ule ukimya mara ya pili.