Mwosha Wagonjwa Asiyejua Kuoshwa

“Mama Ndoo, wewe unaogesha kila anayelala pale hospitali. Siku ukilala wewe, nani atakuogesha?”

Swali hilo aliliuliza jirani yake, muuza mkaa, siku moja wakianua nguo uani. Mama Ndoo alimjibu bila hata kugeuka: “Mimi Bwana atanichukua nikiwa nimesimama.”

“Kumbe mmeshapanga!” jirani akacheka. “Basi mwambie na mimi aniweke kwenye msafara.”

Leo Mama Ndoo hasimami vizuri.

Ni alfajiri, na mapazia ya wodi ya wanawake bado hayajafunguliwa. Anaingia akiburuta mguu wa kulia, ndoo mkononi, kitambaa begani. Anaanza na kitanda cha mlangoni, kwa bibi aliyepooza upande mmoja. Anachovya kiwiko majini kwanza, kupima joto. Kisha anafunua mkono mmoja tu, anauosha, anaufunika, ndipo anahamia mwingine.

“Mtu hafunuliwi wote kama samaki sokoni,” anasema. “Hata akiwa hajitambui, ana haya zake.”

“Sugua vizuri,” bibi anamwamuru. “Mchumba wangu anakuja saa nne.”

“Basi lete na masikio, usije ukakosa kusikia mahari.”

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Mumewe alikufa mapema, na ndoo hiyo ndiyo iliyomlea mwanawe wa pekee. Nusu ya mshahara huishia kwenye kodi ya chumba. Lakini sabuni hajawahi kununua.

Mgonjwa akitoka wodini, kwa miguu yake au kwa kubebwa, ndugu zake humwachia Mama Ndoo mche wa sabuni. Ndiyo desturi ya hapo. Wakishautoa huondoka zao, na wengi hawarudi hata kusalimia.

“Ndiyo kwaheri yetu,” anaeleza. “Nimekuosha, umenipa sabuni, tumemalizana. Hakuna anayemdai mwenzake.”

Sabuni hizo zimejaa chini ya kitanda chake. Mwanawe alikua akiogeshwa kwazo.

Mguu ulianza kwa ufa mdogo kisiginoni, wa kushinda na ndala zilizolowa. Ufa ukawa kidonda. Muuguzi mkuu alipokiona alishika kichwa.

“Mama, hapa hupaoni wala hupafikii. Pasiposafishwa na mtu kila siku, mguu huu utakatwa. Huna mtu nyumbani?”

“Sina. Nina Mungu tu.”

Lakini mtu anaye. Mtaa wa pili anakaa mkwe wake, fundi cherehani, mjane wa yule mwanawe.

Kijana aliugua miezi mingi, na mkewe ndiye aliyemwogesha mpaka siku ya mwisho. Siku ya mazishi mkwe alimletea mama maji ya kunawa. Mama Ndoo akalipita beseni mbele ya watu wote, akaenda kunawa bombani.

“Nimeosha watoto wa watu mpaka mikono imekunjamana,” anasema, akiitazama mikono hiyo. “Wangu mimi akaoshwa na mwingine. Ikanichoma.”

Tangu hapo, kila Jumamosi mkwe alikuja na beseni lake akabisha. Kila Jumamosi alijibiwa kwa ndani: “Niko sawa.”

Kanisani hakuna aliyejua. Pale Mama Ndoo ndiye mfano wa unyenyekevu: hufagia bila kuambiwa, hukaa benchi la nyuma, akiletewa kiti hukikataa. Watu walimsifu, naye, taratibu, akawaamini.

Mpaka Jumapili moja mwalimu wa kanisa aliposimulia jinsi Bwana alivyojifunga taulo, akainama kuwaosha wanafunzi wake miguu, na Petro akagoma.

“Mwalimu akasema, Petro angeambiwa aoshe wenzake angeosha. Kilichomshinda ni kuoshwa,” anakumbuka. “Nikahisi nimetajwa jina. Siku zote nilidhani kiburi ni cha watu wenye viatu vinavyolia sakafuni. Kumbe kilikuwa kimekaa nami benchi la nyuma, kimeinamisha kichwa.”

Wiki hiyohiyo akamtuma muuza mkaa kwa mkwe: aje.

“Natamani anioshe, halafu tule sahani moja, nimwite mwanangu,” anasema akimngoja. “Hata mguu ukikatwa, hilo nilipate.”

Jioni mlango unabishwa.

“Hodi, mama.”

“Karibu… mwanangu.”

Mkwe anasita kidogo, kisha anaingia, anachuchumaa na kufungua kitambaa kisiginoni. Mama Ndoo anashtuka, anavuta mguu.

“Nakuumiza?”

“Hapana. Sijazoea.”

“Hata marehemu hakuzoea,” mkwe anasema polepole. “Alikuwa akiniambia, mama huanza na kiwiko.” Naye anachovya kiwiko majini.

Mama Ndoo anajifunika uso kwa upande wa nguo. Mkwe anaosha bila haraka, anakausha, anafunga kitambaa kipya.

“Kesho nitakuja mapema, mama, kabla sijafungua cherehani.”

Mama Ndoo anatafuta pa kuweka mikono. Maisha yake yote hajawahi kufanyiwa jambo na mtu akaondoka mikono mitupu. Anainama, anapapasa chini ya kitanda, anatoa mche wa sabuni ungali na karatasi yake, anauweka kiganjani mwa mkwe.

“Shika, mwanangu. Usitoke bure.”

Mkwe anaitazama sabuni. Aliolewa na mtoto wa nyumba hii. Hahitaji kuelezwa maana yake: kwaheri, tumemalizana. Anamtazama mama. Anaiweka sabuni juu ya kitanda, taratibu, kando ya ule mguu uliofungwa. Anabeba beseni lake na kutoka, na la kuja kesho halitaji tena.